Waya wa Hasi

Harufu ya waya unaoungua haichanganyiki na harufu nyingine. Moshi wa kuni utakukumbusha uji, moshi wa takataka utakukumbusha Jumamosi, lakini waya ukiungua unausikia ulimini kabla ya puani, kama tulivyokuwa tukilamba betri za tochi kujua kama bado zina moto. Wa umri wangu wanajua ninachosema. Tulizilamba, tukazianika juani, tukazing'ata ubavuni ziongeze nguvu, na hakuna mtu mzima aliyetukataza.

Niliisikia tena harufu hiyo juzi, Mugumu mjini, kwenye kibanda cha mdogo wangu Mwita. Mwita anafunga muziki kwenye magari. Mimi nimenunua kagari kadogo ka kunifikisha kazini Kenyamonta, ambako nafundisha darasa la nne, na kwa Mwita gari lisilo na sabufa ni gari lenye ugonjwa.

"Dada, gari ya mwalimu iko kimya hivi, wanafunzi watajua umefulia," aliniambia. "Niachie mchana mmoja tu."

Nikamwachia. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamtazama akichoma ganda la waya kwa kiberiti cha gesi ili alivue kwa meno, na harufu ikanijia. Sikushtuka. Niseme ukweli mapema: mimi si mtu wa kushtuka, wala wa kulia. Kuna mahali ndani yangu paliingia ganzi nikiwa na miaka tisa, na kwa kuwa ganzi haiumi, sijawahi kuitafutia dawa.

Mwita hajawahi kumsikia mama yetu. Sauti ya Mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye flashi nyekundu isiyozidi kidole changu cha mwisho, na flashi hiyo iliungulia kwenye redio ya gari la Baba, mchana, uani kwetu Itiryo. Hayo Mwita anayajua, amesimuliwa tangu yuko mdogo. Ambalo hajasimuliwa ni kwamba dakika chache kabla ya moshi mimi nilikuwa nyuma ya gari, na mkono wangu ulikuwa kwenye waya mweusi.

Mama alikuwa na sauti nzito. Kwenye kwaya ya kanisa letu wanawake walisimama mbele, wanaume nyuma. Mama alisimama nyuma, katikati ya wanaume wa besi, mrefu kama wao, na kitambaa chake cheupe cha kichwa kilionekana peke yake kwenye mstari ule. Watu wa kwetu hawana dogo. Walisema Mama Bhoke amemeza fahali. Wenzangu shuleni walimwigiza kwa kukunja videvu vyao mpaka kifuani, wakanguruma, na mimi nikaona aibu. Siku moja nilimwomba aimbe mbele kama mama za wenzangu. Akacheka, na hata kicheko chake kilianzia chini.

"Bhoke, nikienda mbele nani atawashikilia wale?" aliniuliza. "Kwaya bila besi ni nyumba imekaa juu ya nyasi."

Nilinuna. Nayakumbuka maneno hayo yote, na jinsi alivyokuwa anapepeta mahindi wakati anayasema. Ninachotaka kukikumbuka ni mlio wenyewe, na huo sinao. Nina habari za sauti yake tu, kama mtu aliyesimuliwa ladha ya chakula.

Kisha akaenda kujifungua. Alikwenda Mama, akarudi Mwita. Nimejaribu miaka yote kulisema hilo kwa namna nyingine na sijafanikiwa.

Mazishi siyakumbuki vizuri. Nakumbuka sufuria kubwa za kuazima, na kwamba kila mtu mzima aliyenipita aliniwekea mkono kichwani, mpaka jioni kichwa kikawa kinauma. Kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Unaisha siku ya kunyoa, wafiwa wote wanapokaa chini na wembe kupita kwenye vichwa vyao, wakubwa kwa watoto. Lakini kunyoa kwetu kulichelewa. Baba mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa ng'ambo, upande wa Kenya, na Bibi, mama yake Baba, alisema wembe hautagusa kichwa cha mtu kabla mkubwa wa mji, yaani wa boma letu lote, hajafika. Basi tukakaa na nywele zetu, siku zikapita, wiki zikapita.

Ulikuwa msimu wa tohara. Njia zote za Itiryo zilikuwa na makundi ya vijana wakiimba, wamejipaka unga usoni, wamefunga kengele miguuni. Kundi moja likaingia njia ya kuja kwetu. Bibi akatoka mbio, yeye na fimbo yake, akasimama langoni.

"Hapa hapana!" akawaambia. "Sisi hatujanyoa. Ngoma ikilia kwa mji haujanyoa, aliyeondoka anageuka nyuma. Anarudi kuchukua wa kwake."

Vijana wale wakubwa, wenye virungu mkononi, waliinama wote wakashika kengele zao kwa viganja ili zisilie, wakapita mbele ya nyumba yetu wamejikunja vile, kimya, mpaka walipovuka mti wa mpaka. Ndivyo nilivyojua kwamba Bibi hakuwa anatishia. Watu wenye virungu waliogopa.

Anarudi kuchukua wa kwake. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikawaza, wa Mama ni nani? Baba alikuwa wa Bibi. Mimi nilikuwa mkubwa, naweza kukimbia. Wa Mama hasa alikuwa Mwita, hajafikisha hata mwezi, amelala kwenye beseni lenye kanga za Mama, anakunywa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji kwa kijiko. Nilikuwa nampenda mtoto yule kwa namna iliyonitisha. Sikumlaumu kwa chochote. Nilikuwa namnusa utosini, na nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu hatachukuliwa, hata na Mama.

Baba naye alikuwa ameacha kazi. Alikuwa dereva wa mchomoko, gari jeupe dogo la kubeba abiria kati ya kwetu na Tarime mjini. Baada ya mazishi hakubeba mtu. Asubuhi aliingia ndani ya gari lile hapo hapo uani, akapandisha vioo, akalaza sikio kwenye spika ya mlangoni kama anayedukiza maneno ya jirani. Alikaa hivyo mpaka jua likawa kali. Mimi niliona kwamba anatukimbia. Niliona kwamba hataki kumsikia Mwita akilia, na nikamchukia kidogo. Sikumchukia sana. Kumchukia sana kulihitaji nguvu ambayo sikuwa nayo.

Siku moja akawasha gari, akaenda Sirari, akarudi na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na sabufa, spika kubwa ya besi, ndani ya sanduku lake lililovikwa zulia la kijivu, ampli yenye mbavu za chuma kama samaki mkavu, na mizunguko miwili ya waya mnene, mwekundu na mweusi. Jirani mmoja, mwanamke aliyekuja kuazima chungio, aliviona vikishushwa. Akasema, kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilikusudiwa isikike, "Udongo haujakauka, mume anaingiza ngoma."

Ngoma. Nilimfunga Mwita mgongoni nikaenda kusimama kando ya gari.

Baba alifanya kazi ile siku mbili, peke yake, na zilikuwa siku pekee tangu msiba ambazo alizungumza nami. Alianza na waya mwekundu. Aliutoa kwenye betri mbele, akaupitisha chini ya zulia, chini ya viti, mpaka kwenye buti. Sauti ya zulia likinyanyuliwa, vumbi la miguu ya abiria wa miaka yote, pipi iliyoganda, kifungo cha shati la mtu. Kisha nyaya nyembamba za sauti kutoka kwenye redio kwenda kwenye ampli, upande wa pili wa gari, zisikutane na ule wa umeme. Mwisho akashika kisu, akainama ndani ya buti, akaanza kukwangua rangi ya bodi kuzunguka bolti moja. Alikwangua mpaka chuma kikang'aa.

"Baba, unaharibu gari," nikamwambia.

"Siharibu. Hapa ndipo unakaa mweusi." Alipuliza unga wa rangi. "Mwekundu ni chanya, unaleta umeme. Mweusi ni hasi, unaurudisha. Lazima ugusane na chuma kitupu."

"Ukitoka?"

"Mweusi? Ukitoka hakuna kinacholia. Mweusi ndio mzizi, Bhoke. Watu wanaona mwekundu kwa sababu unang'aa, lakini mzizi ni huu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia mwezi ule, na mimi niliyatunza kwa sababu nyingine kabisa na ile aliyoyasemea.

Alijaribu muziki jioni ya siku ya pili, jua likiwa bado halijazama. Alifungua stesheni ya redio, wimbo wowote uliokuwepo. Kwanza zikalia spika za milangoni kama kawaida. Kisha akabonyeza kitu, na ardhi ikagonga. Kifuniko cha sufuria kikacheza jikoni, kuku wakakimbia, bati la zizi likatetemeka. Mimi niliisikia kupitia kwa Mwita. Alishtuka mgongoni kwangu, akanyoosha mikono yote miwili pembeni, akavuta pumzi ndefu isiyokwisha, ndipo akalia. Baba akazima haraka. Haikufika hata nusu dakika.

Usiku ule Mwita akapata homa.

Asubuhi Bibi alikuwa amemlaza mapajani, anamkanda kwa kitambaa cha maji, na mwili wake mdogo ulikuwa wa moto kama chungu. Bibi hakusema kitu kuhusu ngoma. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Watu wazima wa kwetu wakinyamazia jambo, limeshakuwa kubwa. Nikamfuata Baba kisimani.

"Baba, Bibi alisema hakuna ngoma mpaka tunyoe."

Baba alikuwa anajaza ndoo. Alinitazama kama mtu anayenitafuta kwenye kundi la watu.

"Ile si ngoma, Bhoke," akasema.

Akanyanyua ndoo akaondoka. Mtu mzima akikwambia kitu kinachogonga ardhi namna ile si ngoma, wewe unajua la kufanya na maneno yake. Sikubishana. Nilikuwa nimeshafundishwa mzizi uko wapi.

Baada ya chakula cha mchana Baba akaoga. Akavaa shati lake la kanisani, lile jeupe lenye mistari ya bluu, akachana nywele zake ambazo zilikuwa hazijanyolewa. Nikaona: anakwenda kutafuta mwanamke, na ngoma yake ndani ya gari. Akafungua mlango wa nyuma wa gari ukaelekea juu, buti likabaki wazi, kisha akarudi ndani kuchukua kitu. Upande wa jikoni Bibi alikuwa anatoka na kigoda chake mkononi. Nikadhani anakuja kumzuia. Nikaona Bibi ni mzee, hataweza, Baba atawasha tu.

Spana namba kumi ilikuwa pale pale kwenye zulia la buti. Nilikuwa na Mwita mgongoni, bado wa moto, joto lake linapenya kanga mpaka kwenye uti wangu. Nikaiweka spana kwenye nati kama nilivyomwona Baba anaiweka. Ilikataa, ikakubali. Mara nne, tano, nati ikawa inazunguka kwa vidole. Nikautoa waya mweusi kwenye bolti, nikausukuma chini ya zulia, nikarudisha nati mahali pake ili isionekane kama kuna kitu. Halafu nikasogea, nikasimama karibu na mlango wa mbele, nikitikisa mtoto kama mtu asiye na habari.

Bibi akaweka kigoda chake kando ya gari. Akakaa. Akakunja mikono mapajani, akapanga kanga yake vizuri magotini, kama anavyofanya kanisani.

"Haya mura," akamwambia Baba. "Mwache aimbe tumsikie."

Baba akatoa ile flashi nyekundu kwenye mfuko wa shati.

Kijana mmoja wa kwaya aliwarekodi kwa simu yake Pasaka iliyopita, akawawekea kwenye flashi, kisha akafuta kwenye simu apate nafasi ya mambo mengine. Mtakumbuka simu za wakati ule, zilivyokuwa hazina nafasi ya kitu. Nilikuwa najua flashi ipo. Sikujua kwamba Baba alikuwa anaisikiliza kila asubuhi, vioo vimepandishwa, na kwamba vile vispika vya milangoni vilikuwa vinamtolea kwaya nzima isipokuwa mkewe. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya pili ilikuwepo, wanaume wa sauti nyembamba walikuwepo. Mama alikuwa chini mno, vispika havikumfikia. Alinunua kile kitu kikubwa ili kishuke mpaka alipo.

Hayo yote nilikuja kuelezwa siku ya kunyoa. Lakini sehemu yake niliielewa pale pale, Bibi aliposema tumsikie. Nilikuwa na muda wa kusema. Baba alikuwa bado hajaingiza flashi, alikuwa anaifuta kwa pindo la shati. Ningesema tu, "Baba, subiri." Maneno mawili. Nilihisi midomo yangu ikiwa mizito, kisha mashavu, kisha miguu ikawa si yangu, nimesimama juu yake kama juu ya vinu viwili. Hapo ndipo ganzi ilipoingia. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu nilikuwepo inaingia.

Akaingiza flashi. Akazungusha ufunguo. Kwaya ikaanza, ile nyembamba, ya milangoni. Walifika mstari wa pili. Baba akatega sikio nyuma, kwenye sabufa, hakusikia kitu, akapeleka kidole akaongeza sauti. Kukawa na mlio kama mafuta yakipata maji, na moshi wa kijivu ukatoka kwenye redio, taratibu, bila fujo, ukapanda kwenye kioo cha mbele. Na harufu ile, ya betri ulimini.

Baba aliichomoa flashi kwa vidole vyake ikamchoma, akaishika hivyo hivyo. Akazima gari, akafungua boneti akang'oa waya wa betri. Halafu akaenda nyuma kwenye buti. Alikaa kule muda mrefu, ameinama, mimi naona mgongo tu wa lile shati la kanisani. Aliporudi alimwambia Bibi, "Ampli ni feki."

"Irudishe kwa huyo aliyekuuzia," Bibi akasema. "Sirari ni mbali?"

"Sirudishi."

"Chacha! Mali mbovu hairudishwi?"

"Mama, nimesema sirudishi."

Sikuwahi kumsikia akimjibu mama yake hivyo, kabla wala baada. Baba akanipita, akaniwekea mkono kichwani, kwenye nywele zangu zisizonyolewa, akaenda kunawa. Niliuhesabu mkono huo pamoja na ile mikono mingine yote ya msiba.

Flashi ilipelekwa kwa fundi wa simu Tarime mjini, na kwa mwingine, na kwa mtoto wa mchungaji aliyesomea kompyuta. Wote waliishika kwenye mwanga, wakairudisha.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya watu, nikaenda kwenye buti kurudisha waya nilikoutoa. Nikanyanyua zulia. Waya ulikuwa kwenye bolti. Nati imekazwa, imekazwa kweli kweli, na juu yake imezungushwa tepu nyeusi mara nyingi. Niliutazama sana. Kisha nikajiambia, kwa akili ya miaka tisa inayotafuta pa kujificha: basi sikuutoa. Nilidhani nimeutoa. Na hata kama niliutoa, ule mweusi uko nyuma na moshi ulitoka mbele, na Baba mwenyewe alisema mweusi ukitoka hakuna kinacholia, hakusema kuna kinachoungua. Na ampli ilikuwa feki. Na homa ya Mwita ilikuwa imeshuka usiku ule. Niliyafunga yote hayo pamoja nikayaweka, na yakanibeba mpaka chuo, mpaka kazini, mpaka juzi.

Baba mkubwa alipofika tulinyolewa. Akamgombeza Baba kwa habari za muziki kwenye mji wa msiba, na Bibi akamkata. "Mimi nilimruhusu. Ngoma ni ya kucheza. Marehemu akiimba mwenyewe, hiyo ni kuaga." Mimi nilikuwa chini ya wembe. Nywele zinaanguka mapajani, natazama.

Baba hakufunga tena redio kwenye gari lile, wala kwenye mengine aliyoendesha. Abiria walilalamika, wakazoea. Sabufa ikawa kiti cha Bibi, na Bibi alipoondoka duniani Mwita akaifungua kujua ndani mna nini. Alikuwa na miaka saba. Akaivua waya zote akazirudisha. Kazi yake ya leo ilianzia kwenye sanduku lile, na amejifunza yote yeye mwenyewe, kwa kuunguza vya watu.

Sasa juzi pale kibandani, nimekaa kwenye ndoo, yeye kainama ndani ya buti la gari langu, anakwangua rangi kuzunguka bolti. Alikuwa anajisemesha, kama mafundi wote.

"Unaona hii dada? Hasi. Hii ndiyo ya kwanza kufunga, ya mwisho kufungua. Wengi hawajui. Mtu anaiacha imelegea, anasema haina shida, ni waya wa kurudisha tu."

"Ikitoka si inanyamaza?" nikamuuliza.

"Inanyamaza sabufa. Umeme haunyamazi." Alinyanyua nyaya nyembamba za sauti akanionyesha, zimelala kwenye kiganja chake kama uzi wa kushonea. "Mwekundu si bado unaleta? Sasa utarudi wapi? Unatafuta njia nyingine. Unapita humu kwenye hivi vidogo, unaenda moja kwa moja mpaka redio mbele. Unaunguza redio na chochote kilichochomekwa. Nimeona gari tatu. Mwenyewe anakwambia ampli feki." Akacheka. "Ukiona redio imetoa moshi, fundi yeyote kitu cha kwanza anakwenda nyuma, anaangalia hasi."

Akaendelea kukwangua.

Nilikaa. Nilimwona Baba ameinama kwenye buti, shati la mistari ya bluu, muda mrefu ule. Alikwenda nyuma, akaangalia hasi. Akaikuta chini ya zulia, na nati imerudishwa vizuri mahali pake kwa vidole vidogo, na hakukuwa na vidole vidogo vingine kwa mji ule isipokuwa vya mtoto wa wiki nne. Ndipo akatoka akasema ampli ni feki. Ndipo akakataa kuirudisha. Nilisubiri nilie, kwa kuwa mtu wa kawaida angelia. Hakuna kilichokuja. Niliona tu kwamba mikono yangu imeshika ukingo wa ndoo.

Simu ya Mwita ikaita. Mikono yake ilikuwa na vumbi la chuma, akaibonyeza kwa kiwiko, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

"Salama. Niko na dada hapa, namfungia muziki."

Nilisikia ng'ombe upande wa Itiryo, na Baba akikohoa.

"Muziki kwenye gari ya Bhoke?"

"Ndiyo baba. Sabufa, ampli, kila kitu."

"Hasi umekaza?"

Mwita akanikonyeza. "Baba kila siku ananiuliza hilo tu. Miaka yote hii. Nimekaza, baba."

"Namuuliza Bhoke."

Nikanyanyuka kwenye ndoo. Nilikwenda nyuma ya gari, nikaingiza mkono, nikashika nati. Ilikuwa ya baridi, imekazwa, haichezi.

"Shikamoo baba," nikasema. "Nimeishika. Imekazwa."

"Umeangalia mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba." Kisha nikasema, na sauti ilitoka chini kuliko nilivyotegemea, "Baba. Ile ya siku ile—"

"Najua," akasema. "Ulikuwa na mtoto mgongoni. Haina neno, Bhoke."

Akatuaga, akakata. Mwita alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na simu.

"Siku ipi?" akaniuliza.

"Washa kwanza," nikamwambia. "Nitakusimulia."

"Nikuwekee wimbo gani?"

"Wowote."

Akawasha. Nilikuwa nimerudi kwenye ndoo, na besi ilipoingia niliisikia kwanza kwenye plastiki, ikapanda kwenye nyayo, kwenye magoti, ikakaa tumboni. Mwita akanipungia mkono kuniuliza kama imezidi. Nikamwambia aongeze. Miguu ilikuwa imeanza kuniuma.